Kopo la Uwatu

Chake Chake, Jumamosi, 2 Agosti 2025

Njia ya Wete imejaa majamvi ya karafuu, gari zinapita polepole kama zimeomba ruhusa. Jirani kaja shavu limevimba, kabana karafuu mbili kwenye jino bovu, anaapa maumivu yamepungua. Simbishii. Karafuu ina eujenoli, na eujenoli hiyo hiyo ikichanganywa na oksidi ya zinki ndiyo dawa anayozibia jino daktari wa meno. Ganzi ni ya kweli. Lakini usaha ulio chini haujui karafuu, ule unataka mkono wa daktari. Nimemwambia aende hospitali kesho asubuhi, na ile chupa ya mafuta ya makonyo anayosugulia mgongo aiweke mbali na wajukuu. Mtoto mdogo akiyanywa, hata vijiko viwili vya chai, ini lake laweza kuharibika.

Jumatano, 6 Agosti

Ami kaja baada ya Isha na maneno yake yale yale: ya hospitali kemikali, ya mti ya Mwenyezi Mungu, hayana madhara. Nikamwambia metformini anayomeza Mama kwa kisukari chake ilianzia kwenye mmea wa Ulaya, Galega officinalis, uliokuwa ukitumiwa zamani. Mmea huo huua kondoo. Ilibidi itafutwe kemikali ya ukoo huo iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Ya malaria nayo ni mti: Tu Youyou alisoma kitabu cha kale cha Kichina, akashtuka kwamba majani yalilowekwa na kukamuliwa bila kuchemshwa, akagundua kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Nobeli alipewa 2015.

"Basi si mti huo!" Ami akajipiga gotini. Halafu akanichoma: "Na klorokwini yenu je, haikushindwa?"

Ilishindwa, Ami. Wakahesabu wagonjwa wasiopona, ikaondolewa, na 2003 Zanzibar ikaanza kutoa dawa mseto. Hapo ndipo ninapoona tofauti, wala si kwenye asili. Kule Samunge, Loliondo, 2011, watu walipanga foleni kwa maelfu wanywe kikombe cha dawa cha shilingi 500 kabla mtu hajapima kinaponya nini. Ami akanywa kahawa, akasema mimi napenda hesabu kuliko shifaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Alfajiri Mama hakuamka kwa adhana. Nimemkuta kalowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Kipimo cha sukari kikasoma 2.8. Maji ya sukari, kisha ndizi, kisha kusubiri. Alipotulia ndipo likatoka kopo la maziwa chini ya kitanda: uwatu, umelowekwa usiku kucha, kikombe asubuhi na kikombe jioni, kapewa na bibi mmoja mganga ambaye watu wanamsifu.

Uwatu hushusha sukari kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Mama anameza glibenklamidi, nayo inashusha, na jana usiku alikula chakula kidogo. Nani alijua? Kliniki hawakumuuliza kama anakunywa kitu kingine. Mganga hakuuliza ana vidonge gani. Mama naye alinyamaza kote kuwili: "Daktari angenigombeza, na bibi angeona simwamini." Zanzibar ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya 2008, lakini sheria haikai chini ya kitanda cha Mama.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa yule bibi nikidhani tutagombana. Kasikiliza, kasema angejua kuna vidonge asingempa vikombe viwili. Nimeamini. Ninayemwogopa ni muuza chupa wa sokoni, dawa ya miti saba inayotuliza magoti usiku ule ule, haina jina wala orodha. Chupa za namna hiyo zimekutwa na steroidi ndani katika nchi nyingi, na steroidi hupandisha sukari.

Nimeandika karatasi moja, vidonge upande huu, miti upande huu, Mama akaionyeshe kliniki na kwa bibi pia. Muuguzi ninayemfahamu kaongeza balungi, kwa sababu Mama anameza nifedipini ya presha na balungi huizidisha nguvu mwilini.

Mama kakubali yote, kasoro moja. Habasoda haiandikwi. Hiyo, kasema, Mtume keshaisemea, haina haja ya ruhusa ya daktari. Nimeiandika nyuma ya karatasi kwa penseli.