Nambia kwa Kiswahili Kwanza

Mombasa ilikuwa na chumba cha kusomea cha umma tangu 1903, kikiitwa kwa jina la Seif bin Salim, miaka mingi kabla ya Nairobi kufungua maktaba ya McMillan mwaka 1931. Kwa hivyo sisi watoto wa Mji wa Kale hatuwezi kusema vitabu havikuwepo. Shida ilikuwa kuvifikia. Nyumbani Kibokoni tulisema Kimvita, chuo cha Kurani tukasoma Kiarabu, shuleni Kiswahili sanifu kilipewa kipindi chake na masomo mengine yote yakaenda kwa Kiingereza. Na maktabani, kadi, vibao vya rafu na faharasa za nyuma ya vitabu, vyote vilisema na wewe kwa Kiingereza.

Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya themanini ikielekea kwisha, mwalimu wa historia alipotuagiza kurasa tatu juu ya biashara ya majahazi. Nikapanda hadi maktaba ya taifa, barabara ya Msanifu Kombo. Kabati la kadi halikujua jahazi ni nini. Ilibidi jambo ulijue kwa Kiingereza ndipo ulitafute, na aliyelijua hivyo alikuwa hana haja kubwa ya kutafuta.

Kwenye meza ya kuulizia alikaa bi mmoja wa makamo, miwani imemshukia puani. Nikaanza kumtungia sentensi ya Kiingereza. Akaniinulia mkono.

"Nambia kwa Kiswahili kwanza, mwanangu. Wataka nini?"

"Kitabu cha majahazi, bibi."

"Majahazi vipi? Yanavyoundwa, yanavyosafiri, au yalivyobeba?"

Sikuwa nimefikiri hilo. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika swali langu kwa Kiswahili upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Kiingereza ya kutafutia, na nambari za mfumo wa Dewey: uundaji wa vyombo 623.8, usafiri wa majini 387, biashara ya ng'ambo 382, historia ya Kenya 967.62. Swali langu moja lilikuwa limetawanyika rafu nne.

Aliyonifundisha baada ya hapo sijayasikia darasani hata leo. Usianze ukurasa wa kwanza. Tazama picha na maelezo yake, kisha yaliyomo, kisha faharasa, ndipo usome aya mbili tatu zinazokuhusu. Neno gumu likitokea mara moja, lipite. Likirudi mara ya tatu, lifungulie kamusi. Nilisoma hivyo kitabu cha Alan Villiers, yule baharia wa Australia aliyesafiri na nahodha wa Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden akishuka na kaskazi mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji. Kiingereza chake kimejaa maneno ya tanga na kamba, na kwa mtoto wa kidato cha pili ni kama kutembea kwenye matope ya mikoko. Bibi akanifungia kitabu. "Haya, nihadithie." Nikamhadithia kwa Kimvita: tende zilizoletwa, boriti zilizorudishwa Ghuba, upepo uliowangojesha watu. Alipotosheka akasema, "Sasa andika." Sikuwa na sentensi ya kunakili, kitabu alikuwa amekikalia kwa kiwiko.

Halafu akanituma bandari ya kale nikawaulize wazee. Mkutubi anayekutoa nje ya maktaba, huyo ndiye namwita mkutubi.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka kwa pamoja. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa, na mwaka huo huo Google wakaingiza Kiswahili katika programu yao ya kutafsiri. Saiba za intaneti zilizokuwa zikihesabu dakika zikashusha bei, kisha simu zikazimaliza saiba zenyewe. Kadi za maktaba hazikuhitajika tena, na sisemi kwa huzuni: droo zile zilikuwa ukuta. Mtoto wa leo akiandika neno kwa Kiswahili hupata kitu, japo kichache na mara nyingi chembamba. Lililoondoka na droo ni lile swali la bibi. Simu haikuulizi majahazi vipi. Inakupa yote, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mwalimu wako.

Mpwa wangu, binti wa gredi ya tisa, alinijia mwaka jana na kazi ya shule juu ya reli ya SGR na bandari. Kurasa nne, hazina kosa. Nikamwomba anihadithie. Akanyamaza, akacheka. Tukaketi Makadara, tukaandika maswali kwa Kiswahili: makontena yalipohamia reli mwaka 2018, madereva wa malori walienda wapi? Wenye maghala na hoteli za Mariakani je? Kila swali likataka maneno yake ya kutafutia, na mawili hayakujibiwa popote ila na jirani yao, dereva wa zamani wa lori. Kurasa zikawa mbili, zenye makosa yake mwenyewe.

"Mjomba," akaniambia akikunja karatasi, "zile kurasa za kwanza zingenipa alama nyingi zaidi."

Sikumbishia. Anayesahihisha naye hutazama Kiingereza kabla ya kutazama swali.