Twiga wa Kolo na mchi wa Kibo

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni migomba, kahawa na mifereji ya maji huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Picha za watu wa kale si kazi yangu. Lakini juzi nilizifundisha.

Nilikwenda shule ya msingi kuwaonyesha watoto namna ya kupanda miche ya kahawa. Mvua kubwa ikanyesha. Tukakimbilia darasani. Mwalimu akasema, "Bwana Shamba, waambie jambo lolote mpaka mvua ikatike." Nikakumbuka Kondoa.

Miaka michache iliyopita tulikwenda Kondoa, Mkoa wa Dodoma, kujifunza habari za mmomonyoko wa udongo. Huko ardhi iliharibika sana. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika, ili majani na miti iote tena. Wakati wa kurudi tulisimama Kolo, kijiji kilicho kando ya barabara ya Babati. Mwenyeji mmoja akatupandisha mlimani.

Huko juu kuna miamba mikubwa iliyoinama kama paa la nyumba. Chini ya paa hilo kuna picha. Kuna twiga, tembo na pofu. Kuna watu warefu, wembamba, wenye vichwa vikubwa. Picha hizo ni nyekundu, na zilichorwa na watu walioishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Nyingine ni nyeupe. Hizo ni za wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Nilidhani rangi nyekundu ni damu. Mwenyeji akacheka. Akasema ni udongo mwekundu uliosagwa.

Hapo nilifanya kosa. Twiga mmoja alikuwa amefifia. Nililowesha leso yangu ili nimpanguse, nimwone vizuri. Mwenyeji akanishika mkono. Akasema, "Ndugu, maji yanamwondoa kidogo kidogo. Ukimfuta wewe, nani atamchora tena?" Niliona aibu sana. Mimi niliyetoka kufundishwa jinsi maji yanavyochukua udongo!

Akatuonyesha na mashimo. Watu huchimba chini ya picha wakitafuta mali, wakisema ilizikwa na Wajerumani. Wanaharibu mabaki ya watu wa kale.

Watoto walinyamaza kimya. Nikachora twiga ubaoni kwa chaki. Alifanana na mbuzi, wakacheka. Nikawaambia kwamba hata Ufaransa kuna pango la namna hiyo, liitwalo Lascaux. Vijana wanne ndio waliogundua picha zake mwaka 1940. Jambo hilo liliwafurahisha kuliko yote.

Kisha mtoto mmoja akauliza, "Wale wachoraji walikuwa wanasema nini?"

Swali hilo ni gumu. Bibi Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alinakili picha nyingi za Kondoa mwaka 1951. Mwaka 2006 UNESCO iliziweka picha hizo katika Urithi wa Dunia. Lakini waliosimulia hadithi zake walikufa, na maneno yao yakaenda nao. Twiga amebaki. Sisi Wachagga nasi tulikuwa na fimbo yenye alama, iitwayo mregho. Mzee alifuata alama zile akiwafundisha vijana. Mimi nimefika umri huu na sijamsikia mtu akiisoma.

Basi nikawapa watoto kazi. Kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwa nini Kibo ni mviringo na Mawenzi amechanikachanika. Kisha achore hadithi hiyo kwa mkaa na udongo mwekundu. Achore juu ya boksi, si juu ya mwamba wala ukuta wa shule!

Wiki iliyofuata nilirudi. Walileta picha nyingi. Msichana mmoja alileta boksi tupu. Nilidhani ni mvivu. Kumbe bibi yake alimsimulia hadithi yote, lakini kwa Kichagga, na mtoto hakuelewa. Aliona haya kumwambia bibi.

Jioni nilikwenda naye mpaka kihambani kwao. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, Bwana Shamba. Umekuja kuangalia migomba?" Nikamwambia nimekuja kusikia habari za Mawenzi. Alinitazama kwanza, halafu akavuta kigoda.

Akasimulia. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba makaa. Kibo alikuwa anatwanga ndizi kavu. Akampa makaa, akampa na chakula. Mawenzi akaona chakula ni kitamu. Akauzima moto wake makusudi, akarudi kuomba tena. Mwishowe Kibo akakasirika, akampiga kwa mchi. Ndiyo sababu Mawenzi yuko vile mpaka leo.

Nilimfasiria msichana neno kwa neno. Maneno mawili yalinishinda hata mimi, bibi akanieleza. Msichana akachora. Bibi akalishika boksi, akaliinua kwenye mwanga wa mlango.

"Huu mchi ni mfupi," akasema. "Mchi wa Kibo ulikuwa mrefu kuliko mgomba."

Nikamfasiria msichana. Akachukua mkaa, akauongeza urefu mpaka ukingoni mwa boksi.