Dhamiri Haiwekwi Rehani

Mtu aweza kuweka rehani shamba lake, saa yake, hata nyumba aliyorithi kwa baba yake, na siku moja akazikomboa. Lakini iko mali moja ambayo mwenye kuiweka rehani huenda asiipate tena wakati anapoihitaji. Mali hiyo ni dhamiri. Nataka kuwaeleza, wanafunzi wapenzi, habari za watu waliokataa kuiweka rehani, maana vitabu vingi vya historia huwataja kwa mstari mmoja tu, kisha huwapita.

Mageuzi ya dini yaliyoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517 yaliitikisa Ulaya. Hata hivyo, Wakatoliki na wengi wa Waprotestanti waliendelea kupatana katika jambo moja: dini ya mtu ni dini ya nchi yake. Mtoto alibatizwa mara azaliwapo, na tangu hapo alihesabiwa kuwa mtu wa kanisa na mtu wa mji pamoja. Serikali na kanisa zilikuwa nyuzi mbili zilizosokotwa kuwa kamba moja, na aliyejaribu kuzitenganisha alidhaniwa kuwa anataka kuibomoa nchi.

Tarehe 21 Januari 1525, katika mji wa Zurich, nchini Uswisi, watu wachache walikutana nyumbani kwa siri. Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, mtu mzima aliyeikiri imani yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: kumfuata Kristo ni ahadi, na mtoto mchanga hawezi kuahidi, wala mwingine hawezi kuahidi badala yake. Wapinzani wao wakawaita Anabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili. Wenyewe hawakulipenda jina hilo, kwa kuwa hawakuuhesabu ule ubatizo wa utotoni kuwa ubatizo.

Baraza la mji likaamuru kwamba wenye kubatiza hivyo watoswe majini. Tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz, mmoja wa viongozi wa kikundi kile, alifungwa mikono akatoswa katika mto Limmat. Waliomwua hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo waliosoma Biblia ileile aliyoisoma yeye.

Mwezi uliofuata, wenzake walikutana Schleitheim wakaandika makubaliano ya mambo 7. Mawili katika hayo yana maana kubwa kwa habari hii. Walisema kwamba mfuasi wa Kristo asishike upanga, na kwamba asiape. Hawakusema kwamba serikali isiwe na upanga. Walisema kwamba kazi ya upanga si yao. Na kiapo walikikataa kwa kuwa Kristo alifundisha kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo.

Haki yataka tuseme pia kwamba si Anabaptisti wote walioifuata njia hiyo. Mwaka 1534 baadhi yao waliushika mji wa Münster, katika Ujerumani, wakawalazimisha wenyeji kubatizwa au kuhama. Waliokuwa wakilalamika kwamba wanalazimishwa, leo wakawa walazimishaji. Mji ulianguka mwaka 1535 kwa damu nyingi. Mwaka 1536 Menno Simons, aliyekuwa padri katika jimbo la Friesland, aliuacha upadri wake akawakusanya wale waliokataa silaha. Kwa jina lake wazao wao wa imani huitwa Wamennonite mpaka leo.

Sasa tumfikie mtu mmoja wa Uholanzi, jina lake Dirk Willems. Kosa lake lilikuwa kwamba alibatizwa akiwa mtu mzima, na kwamba aliifungua nyumba yake ili wengine wabatizwe humo. Alifungwa katika mji wa Asperen, naye akatoroka. Ilikuwa majira ya baridi, wakati maji ya nchi zile hugandamana juu yakawa barafu ambayo mtu aweza kuikanyaga, lakini ikiwa nyembamba humvunjikia. Dirk akavuka salama. Askari aliyemfuata hakuvuka. Barafu ilivunjika, naye akazama katika maji ya baridi kali. Dirk akasikia, akageuka, akarudi, akampa mkono na kumwokoa.

Askari yule alitaka kumwachilia. Lakini mkuu wa mji, aliyekuwa ng'ambo, alimwita kwa ukali akamwambia akumbuke kiapo chake. Basi akamkamata mtu yuleyule aliyemtoa majini. Tarehe 16 Mei 1569 Dirk Willems alichomwa moto.

Nimekisimulia kisa hiki darasani mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusimama akasema, "Mwalimu, asante ya punda ni mateke. Dirk alikosa akili." Wengi walicheka, na wengi walikubali. Sikumkemea, kwa maana alisema kweli ambayo kila mtu huihofu: wema hauna dhamana ya malipo. Nami siwezi kujitapa kwamba ningegeuka.

Lakini niliwaomba wamtazame yule askari. Hakuwa mtu mkatili. Dhamiri yake iliamka alipokuwa bado analowa maji, ikamwambia nini kilicho haki. Msiba wake ni kwamba alikuwa amekwisha kuiweka rehani kwa mtu mwingine, na alipoihitaji, mwenye rehani alikuwa amesimama ng'ambo akimwita. Dirk alikufa, lakini alichokitenda kilikuwa chake. Askari aliishi, na alichokitenda hakikuwa chake.

Hapo nadhani ndipo tunapofahamu kwa nini watu wale walikiogopa kiapo. Si kwamba hawakupenda kutimiza neno. Waliogopa kuahidi leo kutenda kesho jambo ambalo kesho wataona ni uovu.

Fikira zao hazikuzama pamoja na Felix Manz. Mwaka 1934 wamishenari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, karibu na ziwa Victoria, katika nchi iliyoitwa Tanganyika, na kutoka huko kanisa lao lilivuka mpaka likaingia Kenya. Mwaka 2010 Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu liliwaomba Wamennonite msamaha kwa mateso ya zamani. Na katika mahakama zetu, sheria ya Kenya humruhusu shahidi asiyetaka kuapa athibitishe tu kwamba atasema kweli. Jambo ambalo zamani lilimpatia mtu adhabu, leo ni haki yake.

Ninyi mtaajiriwa, mtavaa sare, mtatia sahihi, mtaahidi utii kwa wakubwa. Hayo si mabaya, wala nchi haiendeshwi bila hayo. Toeni jasho lenu, maarifa yenu na uaminifu wenu kwa ukarimu. Dhamiri bakini nayo, kwa kuwa siku mtakapoihitaji hakuna atakayewapa muda wa kwenda kuikomboa.