Kisiwa cha Bhola na Mashamba Yaliyozama

Mito miwili mikuu ya Bara Hindi, Ganges na Brahmaputra, hukutana katika nchi ya Bangladeshi, na maji yake hushuka baharini kwa jina la tatu, yaani Meghna. Maji hayo huchukua udongo usio na kifani kutoka milima ya Himalaya, na udongo huo ndio uliojenga visiwa vya mlangoni mwa mto. Kilicho kikubwa katika hivyo ni Bhola. Mashariki yake ni Meghna, magharibi ni mto Tetulia, na kusini ni bahari. Wakazi wake, kwa hesabu ya mwaka 2022, ni karibu milioni 1.9, na walio wengi ni Waislamu, wakulima wa mpunga na wavuvi.

Msomaji asishtuke akisikia kwamba Bhola ni “jela”. Ndivyo Wabengali waitavyo wilaya, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu au upande. Jela hiyo ina upazila saba, nazo zimegawanyika katika yunioni. Na kila yunioni ina baraza la mwenyekiti, wajumbe tisa, na wanawake watatu wenye viti vyao maalumu. Hati ya shamba huiita dolil, ambayo ndiyo dalili yetu sisi, na ofisi ni doptor, ndiyo daftari. Hadi mwaka 1869 kisiwa kilitawaliwa kutoka Noakhali, ng'ambo ya mashariki; kisha kikatiwa chini ya Barisal, ng'ambo ya magharibi; na hakikuwa wilaya kamili mpaka mwaka 1984.

Ama taabu ya mahali hapo ni kuwa daftari hukaa, na ardhi haikai. Sisemi juu ya tufani ya usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, iliyoua watu baina ya 300,000 na 500,000 katika pwani ile. Hiyo dunia nzima iliisikia. Nasema juu ya mto ulao ukingo kila mwaka bila ya kelele, na kuutapika udongo mahali pengine, ukawa kisiwa kipya kiitwacho char.

Nilipokuwa nikikaa Maskati nilijuana na mzee mmoja, fundi mwashi, mtu wa Bhola. Nilipomwuliza kwao ni wapi, alinitajia kijiji, yunioni na upazila kwa utaratibu, kisha akasema kwamba sasa vyombo hupita juu yake. Shamba la babake lilikwenda na maji mwaka 1998, lakini hati yake ingali sandukuni. Nikamwuliza, “Mzee, hati ya maji yafaa nini?” Akanieleza vizuri kuliko wakili.

Sheria ya mwaka 1972 ilifanya kila ardhi inayoibuka kuwa mali ya serikali. Mwaka 1994 ikageuzwa: shamba likiibuka palepale lilipozama, kabla ya miaka 30 kwisha, haki ya mwenyewe au warithi wake ingali hai, kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Lakini yampasa aliyepotelewa aende akaarifu, ili kodi ipunguzwe na hasara iandikwe. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wake siku ya baadaye. Maskini wangapi, usiku nyumba inapokatika ukingoni, hukumbuka kwenda ofisini? Nao wenye nguvu hawangoji ofisi. Char ikionekana tu, hupeleka watu wenye marungu.

Babake yule mzee aliarifu. Ameacha wana wawili na mabinti watatu, na nduguye mkubwa huko nyumbani alikuwa akisema kwamba dada zao hawana haja ya kuhesabiwa katika mali isiyoonekana. Mzee alikataa katakata. Alikuwa amekwisha igawa ile ardhi kwenye karatasi, mafungu saba, mawili mawili kwa wanaume na moja moja kwa wanawake, nayo iko chini ya maji.

Mara ya mwisho nilipoonana naye alikuwa amepata habari kwa simu. Tope limeanza kuonekana maji yakipwa, lakini kaskazini kidogo ya palipokuwa kijiji, na sheria yataka palepale. Mpima ardhi alikuwa hajafika.