Macalder na Injini za Reli Zisizofika

Mtu atokaye mji wa Migori akielekea Ziwa Victoria huyaacha nyuma mashamba ya tumbaku na miwa, akateremka polepole katika nchi yenye joto, mvua haba na miti ya miiba. Hapo, katika Nyatike, si mbali na mto Kuja, ndipo palipo Macalder. Jina hilo si la Kijaluo wala la Kiswahili. Lililetwa na wageni waliofuata dhahabu katika wilaya ile iliyoitwa Kavirondo ya Kusini. Ardhi ya Macalder ina dhahabu, shaba na fedha, tena zimechanganyika katika mwamba mmoja, na kuzitenganisha ni kazi ya mashine wala si ya karai na maji ya mto peke yake.

Ajabu ya mahali hapa ni kwamba pamekuwa na mgodi mkubwa, umeme na mafundi, lakini mluzi wa gari la moshi haukusikika hata siku moja. Mashine zote nzito zilizotoka ng'ambo zilishushwa Mombasa, na njia ya reli iliyokuwapo ilikwisha Kisumu, kama maili 580 kutoka pwani. Kutoka Kisumu kulikuwa na mawili tu: barabara ya udongo, au meli za ziwani.

Reli hiyo ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Meli za kwanza za ziwani zilikuwa watoto wa reli hasa, kwa kuwa zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikapakiwa katika mabehewa na kuungwa tena Kisumu. Meli Winifred ni mojawapo ya hizo, na ndiyo iliyoifikisha habari ya Wajerumani mpaka mlangoni mwa Macalder. Mwezi wa Septemba 1914, vita vilipokuwa vichanga, askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na wengine wakaishika bandari ndogo ya Karungu. Winifred ilipofika Karungu ilikuta chombo cha Wajerumani kiitwacho Muansa, ikalazimika kurudi. Baadaye ilikwenda tena pamoja na chombo kingine, Kavirondo, na ikaona kwamba adui amekwisha ondoka.

Wajerumani hao walikuwa na reli zao upande wa kusini. Ile ya Tanga walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Moshi karibu miaka ishirini baadaye. Ile ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikafika Kigoma mwaka 1914. Injini zililetwa kutoka kwao, lakini si zile zilizokimbia Berlin. Reli kuu za Ujerumani zina upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu baina ya chuma na chuma, na hizi za Afrika Mashariki zilikuwa na upana wa mita moja. Injini kubwa ya Ulaya haiwezi kukanyaga reli ya mita moja, kama vile gurudumu la lori lisivyoweza kutiwa katika baiskeli. Kwa hiyo kila injini ya huku iliundwa kwa ajili ya huku, na ilipoharibika hapakuwa na ya kuazima.

Jambo moja linafaa kukumbukwa juu ya reli ile ya kati. Mwaka 1913 meli Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafungwa katika masanduku maelfu, ikapelekwa Kigoma na kuungwa huko. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma na kuyabomoa madaraja ya reli yao wenyewe, waliizamisha. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikasafiri katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Injini za reli hazikubahatika kupata maisha marefu namna hiyo. Ziwa Victoria kwa upande wa Mwanza lilingoja mpaka mwaka 1928 ndipo reli ya kutoka Tabora ikalifikia, na wakati huo wenye nchi walikuwa Waingereza.

Macalder ilifikia kilele chake katika miaka ya 1950, na miaka hiyo hiyo ndiyo reli ya Afrika Mashariki iliyopata injini zake kubwa kuliko zote. Kati ya mwaka 1955 na 1956 zililetwa injini 34 za namna ya Garratt, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, kila moja ikapewa jina la mlima. Urefu wake ni futi 104 na uzito wake tani 252. Tangi la mvuke limewekwa katikati, juu ya daraja la chuma, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja kwa upande wake. Ndiyo sababu mnyama mrefu kama huyo aliweza kupinda katika kona kali za kutoka pwani kwenda Nairobi. Katika reli zote za mita moja duniani haikupata kuwapo injini ya mvuke iliyozishinda kwa nguvu. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na mtu akisimama kando ya gurudumu lake hujiona mfupi.

Wakati huo huo Uganda nayo ilikuwa na mgodi wa shaba, Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori. Kilembe ilipelekewa reli. Njia ilitandikwa kutoka Kampala mpaka Kasese, ikakamilika mwaka 1956, na shaba ikachukuliwa kwa mabehewa mpaka Jinja, palipokuwa na tanuru la kuiyeyushia na umeme wa Owen Falls. Macalder haikupelekewa kitu cha namna hiyo. Shaba ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa kila ratili. Mchimbaji wa dhahabu aweza kuyabeba mapato ya mwezi katika mkoba mmoja, lakini mwenye shaba humlipa mchukuzi kabla ya kujilipa mwenyewe. Mgodi mkubwa huivuta reli, na mgodi wa kadiri huambiwa ungoje. Wala haifai kumcheka Macalder kwa hilo, maana reli ya Kasese yenyewe baadaye ilinyamaza na majani yakaota kati ya vyuma.

Kilichofika Macalder ni umeme. Katika maporomoko ya Gogo, mto Kuja ulizuiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mitambo yenye uwezo wa megawati 2 ikaanza kuupa mgodi nguvu. Mgodi ulifungwa mwaka 1966, lakini mitambo ya Gogo ilibaki, na umeme wake ukaingizwa katika nyaya za nchi nzima. Basi wachimbaji waliondoka, na mto ukaendelea na kazi.

Mvuke nao ulikuwa unaondoka. Dereva na mtia moto walihitaji saa nyingi za kuiamsha injini baridi, na maji mengi njiani. Injini ya mafuta huwashwa mara moja. Asili ya injini hiyo ni Ujerumani, kwa Rudolf Diesel, aliyeifanikisha katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Mwaka 1933 reli ya taifa ya Ujerumani ilianza kutumia garimoshi la mabehewa mawili, lisilo na kichwa cha kulivuta, injini zake zikiwa ndani ya mabehewa yenyewe. Waliliita Fliegender Hamburger, likaenda kutoka Berlin hadi Hamburg kwa dakika 138, likifika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Nairobi ilipata magari ya namna hiyo mwaka 2020, yaliyokwisha tumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Reli yalizotumia huko zina upana wa mita moja. Laiti yangalitoka katika njia kuu za Ujerumani, yasingaliweza kusogea hata hatua moja katika reli ile ya zamani.

Macalder ya leo ina wachimbaji wake tena, wanaume kwa wanawake, wasio na kampuni. Wanaume hushuka katika mashimo kwa kamba, hugonga mwamba kwa nyundo na patasi, na mara nyingine udongo huwaporomokea wasirudi juu. Wanawake huponda mawe na kuosha unga wake, na wengi huikamata dhahabu kwa zebaki, wakiishika kwa mikono mitupu na kuichoma motoni, ingawa moshi wake hudhuru ubongo wa mtu na wa mtoto aliye tumboni. Hata mchanga uliotupwa na mgodi wa zamani huoshwa tena. Kazi hiyo ndiyo inayolipa karo za watoto wengi wa Nyatike, na mtu aliye mbali asifanye haraka kuwalaumu.

Katika vinu vya kusagia mawe husikika mngurumo wa injini za dizeli tangu asubuhi. Dhahabu inayopatikana hufungwa katika karatasi ndogo, hutiwa mfukoni, na huondoka kwa pikipiki kuelekea Migori.