Fundi na Rejeta Iliyochemka

Katika njia itokayo Morogoro kwenda Iringa uko mlima uitwao Kitonga. Njia yake ni kali, yenye kona nyingi, na gari lenye mzigo huupanda polepole kama mzee mwenye mkongojo. Mahali kama hapo ugonjwa wa injini haufichiki.

Lori moja lilikuwa likiupanda mlima huo, limejaa samaki. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, na mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti. Dereva akalisimamisha kando ya njia, akazima injini. Utingo wake, kijana mwepesi, akatwaa kitambaa na dumu la maji, akaenda mbio ili afungue kifuniko cha rejeta.

“Usikiguse, mwanangu!” Aliyesema alikuwa fundi mzee, abiria katika lori hilo.

Kisha akamweleza sababu. Maji katika sufuria iliyo wazi, huko pwani, huchemka kwa joto la digrii 100. Lakini rejeta imefungwa, na mkandamizo wa ndani huyazuia maji yasichemke hata yakipita kiasi hicho. Kifuniko kikifunguliwa, mkandamizo hutoweka. Maji huchemka mara moja na kumrukia mtu usoni. Tena, maji baridi yakitiwa ghafula katika injini yenye moto mwingi, chuma chaweza kupasuka.

Basi wakangoja. Dereva hakutulia, maana barafu ilikuwa ikiyeyuka. Alitaka kujaza maji na kwenda zake. Fundi akasema, “Kupungua kwa maji ni dalili tu. Je, maji yamekwenda wapi?”

Injini ilipopoa, akaichunguza kwa utaratibu, akianza na mambo mepesi. Mkanda wa feni haukulegea. Matundu ya rejeta hayakuzibwa na majani wala matope. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili ingalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ingalikuwa ishara kwamba maji yamepenya humo, na gari lisingalifaa kuendeshwa. Lakini oili ilikuwa njema. Ndipo akamgeukia dereva: “Bwana dereva, asubuhi ulipoliondoa gari, uliona nini chini yake?”

Dereva akanyamaza. Kisha akakiri kwamba aliona matone machache ardhini, akayadharau, asije akachelewa.

Fundi akaupapasa mpira wa chini wa rejeta, akaona ufa karibu na ncha yake. Akaikata ncha iliyopasuka, akaurudisha mpira mahali pake na kuukaza. Maji yakatiwa polepole, injini ikawashwa, wakatazama mpaka wakaridhika kwamba hapavuji tena.

Samaki wengine waliharibika, lakini injini ilipona, na uso wa kijana haukuungua.

Watu wengi hudhani kwamba ufundi umo katika spana. Kumbe spana huja mwisho. Kwanza ni subira, kisha swali, kisha jibu la kweli, hata likimwaibisha mwenye kulitoa. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matone yale yangalimchelewesha dereva kitambo kidogo asubuhi. Pale Kitonga yalimla nusu ya siku.