Kimya cha Saa Nne Usiku

Ninapoikumbuka kambi ya zamani, kinachotangulia si sura ya mahema bali sauti zake. Karabai ikivuma bila kukatika, jiko la mafuta ya taa likipigwa pampu, vigingi vikigongwa ardhini. Kisha mafuta yakipungua karabai huzimwa, na usiku wote huteremka juu ya turubai kwa mara moja. Hapakuwa na ubao wa kutuamuru tunyamaze. Mafuta yalikuwa machache, betri za redio zilikuwa ghali, na aliyetaka kukesha ilimbidi akeshe gizani. Siku hizi karibu kila kambi yenye geti ina karatasi ya masharti, na mara nyingi sharti mojawapo linataka ukimya kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nalipenda sharti hilo kwa nia yake. Lakini kadiri ninavyofuatilia lilikotoka na namna linavyofanya kazi kwetu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba limefungwa kwenye saa isiyo yake. Lilitungwa kwa usiku wa mahali pengine na kwa mashine za wakati mwingine, na linaziacha bila ulinzi saa zile zile ambazo watu wa kambi zetu wanahitaji kulala.

Tusidhani hata hivyo kwamba ukimya ndiyo hali ya asili ya kambi. Kwa muda mrefu kelele ndiyo iliyokuwa dalili ya usalama. Mwaka 1898, kambi za wajenzi wa reli ya Uganda pale Tsavo zilipovamiwa na simba wawili kwa miezi kadhaa, watu walijizungushia boma za miiba na kukoka mioto mikubwa, na bado simba walipenya. Katika kambi ya namna ile, upande uliokuwa kimya ndio uliotisha. Anayezungumza yu hai, na moto unaopasukapasuka una mtu wa kuuchochea. Hata lugha yetu ina alama ya uhusiano wenye pande mbili kati ya kelele na ukimya, kwani mtu akitaka wenzake wanyamaze hupaza sauti na kusema "Kelele!", akikitaja kile kile anachokikataza. Nayaleta haya kwa sababu wapo wanaotetea ukimya wa porini kana kwamba ni kitu kilichokuwepo tangu mwanzo, sisi tukakiharibu. Kambini hakikuwepo. Watu walikitengeneza, kila zama kwa njia yake, na kilichotengenezwa kinaweza kupimwa upya.

Aliyeleta haja ya kanuni ni jirani, na jirani aliletwa na gari. Nchini Marekani magari yaliruhusiwa kuingia hifadhi ya Yosemite mwaka 1913 na Yellowstone mwaka 1915, na kwa miaka kadhaa watu waliegesha popote palipowapendeza na kulala hapo. Madhara yalionekana kwanza kwenye miti. E. P. Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, aliona jinsi magurudumu na nyayo zilivyoushindilia udongo na kuinyonga mizizi, na mwaka 1932 akaandika namna ya kupanga kambi: njia ya mzunguko inayokwenda upande mmoja, na kandokando yake vituo, kila gari na maegesho yake, meza yake na mahali pake pa moto. Aliihurumia miti, na miti ilinufaika. Lakini mpango ule uliwaweka watu wasiojuana kwenye mzunguko mmoja, pua kwa pua, usingizi wa huyu ukiwa hatua chache tu kutoka maongezi ya yule. Baada ya Vita Kuu ya Pili wageni waliongezeka mno, wakaja na magari ya kulala na jenereta zake. Kufikia kanuni za shirikisho za mwaka 1983 jambo lilikuwa limeandikwa kwa tarakimu: kelele zisizo za busara ni kosa kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, na mashine, redio au ala ya muziki isizidi desibeli 60 ikipimwa umbali wa futi 50, yaani kama mita 15. Ukizisoma kanuni hizo unaona kilichokuwa akilini mwa waliozitunga. Ni jenereta, redio na injini, vitu vyenye swichi na mwenyewe anayejulikana, ambaye askari wa hifadhi akimfikia anaweza kuzima.

Sasa kanuni hiyo iwekwe chini ya anga letu. Mwezi Juni, jua la Yosemite huzama baada ya saa 2 usiku, na mwanga wa jioni hukawia. Mtu anayetakiwa kunyamaza saa 4 amekaa gizani muda mfupi tu. Serengeti, mwaka mzima, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, na giza la nchi zilizo karibu na ikweta halibembelezi, huingia mara moja. Saa 4 inapofika, giza lina umri wa saa tatu. Hili lingepaswa kuwa wazi kwetu kuliko kwa yeyote, maana saa ya Kiswahili huhesabu usiku tangu unapoingia. Saa 1 ni saa ya kwanza ya usiku, saa 4 ni ya nne. Tarakimu ile ile iliyo kwenye karatasi ya masharti, ikisomwa kwa Kiswahili, inatuambia ni kiasi gani cha usiku kimeshatumika kabla mtu hajaombwa kunyamaza. Tuliinakili saa bila kuisikiliza.

Kasoro hiyo inaonekana wazi kuliko kwingine kote pale Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, takriban mita 4,670 juu ya usawa wa bahari. Wapandaji hufika mchana, hula mapema, na jua likizama huwa tayari wamo ndani ya mifuko ya kulalia. Karibu saa 5 usiku huamshwa, hunywa chai, na karibu saa 6 usiku huanza kupanda ili wafike Uhuru, mita 5,895, kunapokucha. Usingizi wa kimo kile ni mwepesi wenyewe. Hewa ni nyembamba, pumzi huenda kwa vipindi, hupungua, husimama kidogo, kisha hurudi kwa kishindo na kumgutusha mwenye nayo. Basi tufanye hesabu. Usingizi wote wa usiku ule uko kati ya saa 1 na saa 5. Kanuni ya saa 4 inaulinda kwa saa moja, ile ya mwisho, halafu inaendelea kukataza kelele wakati ambapo nusu ya kambi haina budi kuvaa viatu, kufungua zipu za mahema, kuitana kwa majina na kuhakikisha hakuna aliyeachwa nyuma. Wanaorudi kutoka kileleni nao hujilaza kidogo mchana, saa ambazo makundi mapya yanawasili na kushusha mizigo, na kwao kanuni haina neno lolote. Saa nane za ukimya zimeandikwa, na karibu zote zimeangukia pasipo na usingizi.

Hapa huingia pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko mengine. Husemwa kwamba ukimya ni haja ya mgeni. Sisi tuna ngoma, tuna misiba na harusi za kukesha, tumelala kwenye kelele tangu utotoni, na kumnyamazisha mpagazi katika mlima wa kwao ili mgeni alale ni kuurudisha ubwana wa zamani kwa jina la mazingira. Ingekuwa hivyo, ningesimama na wanaopinga. Lakini tuitazame kambi ilivyo. Wapandaji wachache hufuatana na watu wengi kuwazidi: waongozaji, wapishi, wapagazi. Mpagazi, ambaye kikomo cha mzigo wake ni kilo 20, hutangulia kufika ili hema liwe limesimama mgeni anapotokea, na hulala baada ya vyombo kuoshwa. Mpishi huamka kabla ya wote ili maji yachemke. Katika baadhi ya makundi hema la kulia chakula ndilo hilo hilo wapagazi wanamolala, kwa hiyo kila robo saa ambayo wageni wanaendelea kuongea mezani ni robo saa ya usingizi wa mtu anayesubiri nje kwenye baridi. Anayelala kidogo kuliko wote katika kambi hizi si mgeni. Ukimya uliopangwa vizuri ni haki ya kazi, kama ilivyo haki kupimiwa mzigo na kulipwa ujira kamili, na naona ni kosa kubwa kwamba tumeuacha uzungumzwe kama suala la starehe. Kuhusu nyimbo, hazina ugomvi na usingizi wa mtu. Huimbwa mchana, kundi linapowasili kambini, na asubuhi ya kuagana. Saa 3 usiku pale Barafu hakuna aliye na pumzi ya kuimba. Kinachosikika saa hiyo ni spika ndogo ya kuchaji iliyosahauliwa ikiimba ndani ya hema, au mtu anayepiga simu huku akipaza sauti.

Kwenye kambi za mbugani, kama zile za Seronera zisizo na uzio, husemwa mengine: wanyama wameshatuzoea, na hata wasipotuzoea, kelele ni kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutoka eneo la Kruger, Afrika Kusini, unajibu yote mawili kwa pamoja. Watafiti waliweka kamera na spika kwenye mabwawa ya maji, wakawachezea wanyama sauti za simba, za mbwa, za bunduki, na za watu wakizungumza kwa kawaida, bila kupaza sauti. Wanyama walielekea kukimbia mara mbili zaidi waliposikia maongezi ya watu kuliko waliposikia simba, na waliyaacha maji haraka zaidi. Hivyo basi hawajazoea. Na ni kweli kwamba sauti yetu huwafukuza, sitalikana hilo. Lakini anayetaka wanyama waikimbie kambi yake amekwenda hifadhini kufanya nini, ikiwa ngurumo ya simba, ambayo usiku mtulivu hufika hadi kilomita 8, ndiyo aliyoilipia kuisikia? Usalama wa aliye ndani ya hema hutegemea kulifunga, kutoweka chakula humo na kutotoka gizani ovyo. Vita vya Tsavo vilikuwa vya watu waliokosa namna nyingine. Kinachonisumbua zaidi katika utafiti ule ni kwamba maongezi ya kawaida tu yalitosha. Desibeli 60 za kanuni ya jenereta hazimsaidii swala anayetaka kunywa maji, kwa sababu kinachomtisha si ukubwa wa sauti bali ni ya nani.

Wapo pia wanaosema yote haya ni bure kwa kuwa watu hawatii. Yosemite ina somo upande huo. Julai 1970, askari wa hifadhi walipojaribu kuwaondoa vijana jioni katika uwanda wa Stoneman kwa nguvu na kwa farasi, kulitokea ghasia na watu wengi walikamatwa. Lakini nguvu si njia pekee iliyowahi kujaribiwa. Katika msitu wa Muir Woods, kaskazini mwa San Francisco, watafiti waliweka mabango ya kuwaarifu wageni kwamba sehemu moja ya msitu ni eneo la utulivu, na kelele zikashuka kwa kama desibeli 3, ambayo ni sawa na kupunguza nusu ya nishati ya sauti, pasipo faini wala kufukuzwa kwa mtu. Watu walinyamaza kwa sababu walielezwa wako wapi. Na saa zenyewe hazikuandikwa mbinguni. Kambi nyingi za Ujerumani hudai ukimya pia mchana, kwa kawaida kati ya saa 7 na saa 9, kwa sababu wenyeji wa huko hupumzika muda huo. Waliitazama siku yao, wakaandika saa zao.

Nasi tunaweza kuandika zetu. Pale Barafu sharti lingesema: spika hakuna kabisa, simu kwa sauti ya chini, kimya tangu jua linapozama hadi wapandaji wanapoamshwa, na tena mchana, upande wa kambi wanapopumzika waliotoka kileleni. Meza ifungwe jua linapozama, na sababu ielezwe kwa mgeni kabla hajaketi: kuna watu watakaolala humo. Mbugani kimya kianze saa 2 usiku badala ya saa 4, na taa na maongezi viwe mbali na upande wa maji. Nyimbo zibaki zilipo, hadi asubuhi ile ya mwisho kule Mweka, kambi ya kushukia, jua likiwa limeshatoka, wapagazi na wapishi wamesimama nusu duara, na hakuna hata mmoja kambini aliyelala.